Meno ya Kanisani

Vijana wa maabara mmenisumbua niandike kitu kuhusu kazi kabla sijasahau. Kusahau nimeshaanza, kwa hivyo nitashika kile ninachokikumbuka vizuri, ile miaka miwili ya Nakuru, elfu mbili na saba na elfu mbili na nane. Mambo ya vyeo mwulizeni aliyevipata.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Sijawahi kumng'oa mtu jino wala kumdunga sindano. Daktari anachukua chapa ya ufizi kwa ule uji wa rangi ya waridi unaogandia mdomoni, ananiletea, nami namwaga plasta ndani yake na kupata mdomo wa mgonjwa mezani kwangu. Kuna watu wa Nakuru ambao sura zao siwezi kuzitambua njiani, lakini nionyeshe kaakaa zao nitakutajia majina.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi hospitali ya serikali niliposikia kwamba Daktari Kaur anatafuta fundi. Alikuwa mama wa Kisikh aliyezaliwa papa hapa Nakuru, nywele nyeupe pe, raba miguuni, na Kiswahili cha sokoni kisichopepesa macho. Nilivaa tai. Nilipofika akanikalisha jikoni kwa kliniki, akaniwekea sahani ya mahindi ya kuchemsha, akasema, "Kula."

Nikala. Yeye akavuta kiti, akanitazama nikitafuna mpaka nikaona haya.

"Wewe natafuna upande moja tu," akasema. "Huku kulia iko jino nasumbua."

Ilikuwa kweli. Lilikuwa linanisumbua tangu Pasaka na sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Daktari alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa na kulishughulikia kabla hajanionyesha maabara. Kwa hivyo kazi nilipewa nikiwa nusu ya mdomo imekufa ganzi, na nilipoulizwa kama nimekubali niliweza tu kuinamisha kichwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na nyinyi mnaotazama midomo kwa kompyuta siku hizi mnisikilize hapa. Daktari Kaur hakumwuliza mgonjwa kama anatafuna vizuri. Mgonjwa wa kwetu akiulizwa na daktari kama mambo ni mazuri, atasema ni mazuri, kwa sababu kusema vinginevyo ni kumkosea adabu. Kwa hivyo alikuwa anampa chakula. Jikoni kulikuwa na karoti, njugu na mahindi, na mtu hakutoka na meno mapya kabla hajayatia kazini mbele yetu.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Nilikuwa na taa ya spiriti, visu vya nta, bakuli za mpira za kuchanganyia plasta, na mashine ya kung'arisha iliyokuwa inalia mpaka jirani, fundi wa redio, akawa anagonga ukuta. Tena kulikuwa na ile kadi ya rangi za meno iliyotengenezwa Ulaya. Ilikuwa na weupe wa kila aina, lakini rangi yetu haikuwemo. Maji ya Bonde la Ufa yana madini yanayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, na hayo meno ni magumu, hayana ubaya wowote, lakini ukipachika jino jeupe katikati yao umeharibu. Jamaa mmoja wa Kamere, mfanyakazi wa shamba la maua, alinilazimisha nimtengenezee jeupe. Wiki iliyofuata mke wake akamrudisha mwenyewe. "Fundi," akasema, "huyu ananiongelesha na mimi naangalia tu hilo jino." Tangu siku hiyo nilikuwa napaka kahawia kwa brashi ndogo, jino kwa jino, na hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mkono wangu siku hizi unatetemeka na siwezi tena, na inaniuma.

Katikati ya mwaka wa elfu mbili na saba tukaanza kuletewa wagonjwa wa aina mpya. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka ng'ambo aliyekuwa anakuja Nairobi mara chache kwa mwaka kuwafanyia watu wazito upasuaji wa kupunguza tumbo. Hakuwa anamgusa mtu kabla mdomo wake haujakaguliwa. Mimi nilicheka. Nilimwuliza Daktari Kaur, wakati wa chai, tumbo na meno vinajuana wapi.

"Tumbo nabaki ndogo, kama yai," akaniambia. "Mlango yake pia ndogo. Mtu akimeza nyama bila kutafuna, hiyo nyama nakwama hapo. Natapika, nashindwa kula, naisha. Na kama iko jino nimeoza, usaha yake natembea kwa damu mpaka kwa kidonda. Sasa wewe ndio natengeneza hiyo meno ya kutafuna. Cheka tena."

Sikucheka tena. Mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo alikuwa mwenye duka la vitambaa hapo mjini, mzee wa Kihindu mwenye meno yake yote. Alizibwa matundu mawili, akatafuna karoti ya Daktari huku akiilalamikia kwamba haina chumvi, akaenda Nairobi, akarudi salama. Tukadhani wote watakuwa hivyo.

Kisha akaja Mama Njeri kutoka Dundori. Kwenye kadi jina lake lilikuwa Tabitha lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mkulima wa viazi na mwenye ng'ombe wa maziwa, mama wa maneno mengi na kicheko kilichokuwa kinafika maabara kabla yake. Alikuwa mzito sana. Alikuwa na sukari, magoti yalikuwa yamekataa kazi, na alikuwa anakamuliwa ng'ombe wake na watu wengine, jambo lililomuudhi kuliko sukari. Lakini si magoti yaliyomleta. Usiku akilala pumzi ilikuwa inakatika. Kaka yake, mzito kama yeye, alikuwa amefia usingizini hivyo hivyo. Njeri, bintiye mkubwa, mwalimu, alikuwa amehamishia kitanda chake chumbani kwa mamake ili amtikise akimsikia amenyamaza. Mpwa wa Mama Njeri aliyekuwa daktari huko ng'ambo ndiye aliyempangia upasuaji, akisema uzito ukishuka pumzi itaacha kukatika.

"Mama analala, mimi silali," Njeri alituambia siku ya kwanza. Alikuwa na macho mekundu kweli.

Mdomo wa Mama Njeri ulikuwa na meno ya mbele, ya kahawia, yakiwa na pengo moja hapo juu. Magego hakuwa nayo. Kulikuwa na mizizi tu iliyooza, na kwa miaka mingi chakula alikuwa anakibana kwa ulimi na kukimeza. Daktari alitoa mizizi yote, ufizi ukapona, nami nikamtengenezea ya juu na ya chini. Nilijitahidi. Lile la pengo nililipaka kahawia mpaka Daktari mwenyewe akakosea ni lipi. Mama Njeri alijitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka huku, akamwambia binti yake, "Umeona mamako?" Mbele yetu akatafuna karoti polepole, na tukamruhusu aende azoee kwanza.

Alirudi baada ya miezi mitatu hivi kwa ukaguzi wa mwisho. Daktari wa upasuaji alikuwa anatarajiwa kabla ya Krismasi na nafasi yake ilikuwa tayari. Mama Njeri akasema anakula kila kitu, hata mfupa. Daktari alinipa yale meno niyasugue wakati yeye anaangalia ufizi. Nikayaweka chini ya taa, na nikakosa raha. Yalikuwa yanang'aa kama siku niliyoyatoa kwenye mashine. Meno ya mtu anayekula yanapata mikwaruzo, yanashika rangi ya chai, na ukichokoa pembeni hukosi ganda la haragwe. Haya hayakuwa hata na doa.

Nilirudi nayo na kumwambia Daktari kwamba nina njaa, kama tunaweza kula sote pamoja. Alinitazama, akayatazama meno mkononi mwangu, akaelewa. "Njeri," akasema, "wewe na mama nakula na sisi leo. Iko githeri na nyama."

Tukaketi jikoni kwenye sahani za mahindi na maharagwe. Mama Njeri alitushukuru, akaomba kwa ajili ya chakula, maombi marefu. Aliposema amina akatoa leso safi ndani ya mkoba, akageuka pembeni kidogo, akayatoa meno ya juu na ya chini, akayafunga kwenye leso, akairudisha leso mkobani. Kisha akavuta sahani na kuanza kula. Hakujificha. Alifanya vile mtu anavyovua koti jipya kabla ya kuingia zizini.

Njeri aliweka kijiko chini.

"Mama Njeri," Daktari akasema, "kwa nini natoa meno?"

"Si ninakula?" akajibu, akishangaa kuulizwa. "Haya ni meno ya kanisani, Daktari. Nikiyatafunia yataisha. Huko kwa watu ninayavaa siku nzima, sili chochote, nikifika nyumbani nayaweka kwa kabati ya vikombe. Hapa ni kwenu, nyinyi ndio mmeyatengeneza, siwezi kuwaonea haya."

Mnaweza kucheka, nami nilitaka kucheka. Lakini nimewatengenezea meno watu wengi wa kwetu, na ninajua jinsi tunavyotunza kitu kizuri. Sahani nzuri ni za wageni, blanketi zuri ni la mgeni. Kiti kinabaki na nailoni yake mpaka kinazeeka ndani ya nailoni. Huyu mama hakutudanganya hata kidogo. Aliheshimu kazi yangu, na hiyo heshima ingemuua.

Daktari akasukuma sahani yake. Alimweleza juu ya tumbo dogo kama yai na mlango wake. Akamwambia hawezi kumruhusu mpaka ajifunze kula na meno, kila mlo, na mpaka ufizi uzoee.

Mama Njeri alikasirika. "Mimi naenda kukatwa tumbo, sio mdomo."

"Hiyo tumbo nategemea hii mdomo."

"Na nafasi yangu? Nikimkosa huyu daktari sasa, mpaka arudi ni mwaka mwingine."

"Najua."

Njeri alimfuata Daktari mpaka nje ya chumba, nami nikiwa hapo mlangoni. "Daktari, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Na nikimtikisa siku moja asiamke?"

"Nikiruhusu yeye hivi," Daktari akasema, "mama nalala vizuri, lakini nakufa kwa chakula. Saidia yeye kula, mtoto yangu. Mimi napigia hiyo daktari, naomba nafasi ya mwaka mpya."

Nilimwona mkatili na nilimwambia. Nilimwambia angeweza kumruhusu na kumfundisha baadaye. Alinijibu kwamba baadaye huwa haiji, akaingia chumbani kwake, na siku hiyo hakula tena. Tulifanya kazi siku kadhaa bila kuongeleshana, ila "leta nta" na "chukua plasta".

Halafu mwaka ukaisha, uchaguzi ukaja, na Januari mnaijua, watu wakawindana kwa kabila. Mimi nilikuwa naishi mtaa wa Rhonda. Tulitoka pale na mke wangu tukiwa na mfuko mmoja, na Daktari Kaur akatufungulia nyumba yake bila kuniuliza chochote. Kliniki ilifungwa. Barabara zilikuwa hazipitiki. Uwanja wa maonyesho ukajaa watu wenye magodoro, na sisi tulikuwa tunaenda huko mchana na sanduku la Daktari kuwatazama watu meno, kwa sababu jino halikungoji mpaka amani irudi. Wengi walikuwa wameacha meno yao ndani ya nyumba walizokimbia. Nilizoea kuyaona meno kama kazi. Pale nilimwona mzee akiziba mdomo kwa mkono mbele ya wajukuu wake, nikaelewa kitu ambacho miaka yote ya maabara haikunifundisha.

Simu ya Mama Njeri ilinifikia hapo uwanjani. Hakunisalimia. "Fundi, uko hai?"

"Niko, Mama."

"Na mke wako?"

"Yuko."

"Asante Mungu." Sisi si wa kabila moja, yeye na mimi, na siku hizo swali kama hilo lilikuwa kubwa. Nikamwuliza na yeye je. Akasema nyumba imejaa watu wake waliokimbia, wengine wanalala kwa stoo ya viazi, hapati hata pa kugeukia. Simu ikakatika. Sikuuliza habari ya meno, na sikudhani kuna habari.

Barabara ilipofunguka, yeye na Njeri wakaja. Daktari wa upasuaji alikuwa anatarajiwa Nairobi baada ya siku chache, naye alikuwa amekubali kumngojea mpaka Daktari Kaur aseme neno. Mama Njeri alikuwa amechoka, amevaa sweta ya mtu mwingine. Aliketi kitini, akatoa meno, akanipa huku ameinamisha uso.

"Usinigombeze, Fundi. Nimeyaharibu."

Niliyapeleka kwenye taa. Yalikuwa yamefifia kabisa. Yamekwaruzwa juu, yamekwaruzwa kando, yana rangi ya chai kotekote, waya mmoja wa kuyashikilia umepinda, na hapo nyuma, chini ya gego la kushoto, kulikuwa na ganda la haragwe.

"Ilikuwaje?" nikauliza.

"Wageni," akasema. "Asubuhi wageni, mchana wageni, jioni wageni. Nitayatoa wapi na kila pembe kuna mtu? Siku za kwanza nikavumilia na chai. Nikaona nitazimia niwe mzigo kwa watu ambao tayari wana mizigo. Nikaanza kula nayo. Mwanzoni yaliniuma mpaka machozi. Nikawa natafuna polepole, na kwa vile chakula kilikuwa kidogo na watu ni wengi, hakuna aliyenihimiza."

Daktari Kaur alienda jikoni mwenyewe akarudi na mahindi ya kuchemsha. Mama Njeri alivaa yale meno mabovu na akatafuna. Alitafuna kwa pande zote mbili, bila haraka, akiangalia ukuta. Daktari akamwambia afungue mdomo kabla ya kumeza, akamulika. Ndani mlikuwa na uji mtupu.

"Meza," akasema Daktari. Kisha akaenda kumpigia simu daktari wa Nairobi.

Njeri ndiye aliyetupa habari kwamba ameamka salama baada ya upasuaji. Baada ya hapo tukawa tunasikia kwa mbali tu: anakunywa supu, ameanza vyakula laini, ameanza kutembea mpaka kwa lango. Kazi ilikuwa nyingi mwaka huo, wengi waliopoteza meno walikuwa wanarudi, na mimi nilikuwa natafuta nyumba mtaa mwingine.

Ilikuwa karibu mwaka kuisha nilipoitwa mbele. Mama Njeri alikuwa amesimama, peke yake, na hasira zake zote.

"Fundi, kazi yako ni mbaya. Yanacheza. Juzi nikimsalimia pasta yakashuka yote."

Nilikuwa bado nimeweka nakala ya plasta ya mdomo wake. Nikayachukua meno nikayaweka pale, yakakaa sawasawa, hayakutikisika. Daktari akaja akamwangalia kinywani, akabonyeza ufizi, akamshika mashavu kwa vidole viwili kama mtoto. Mama alikuwa amepungua, na mdomo ukapungua naye. Hayo meno yalikuwa ya mtu mkubwa kuliko huyo aliyesimama mbele yetu.

"Haya hayakufai tena, Mama," nikamwambia.

"Nimeyaharibu tena?"

"Hapana. Tunakutengenezea mengine."

Daktari akachanganya ule uji wa waridi, na wakati unaganda Mama Njeri hakuweza kuongea, kwa hivyo nilipumzika kidogo. Ulipotoka nikamwuliza Njeri yuko wapi leo, kwani hatukuwahi kumwona mmoja bila mwenzake.

"Alihamishwa shule. Yuko Naivasha tangu muhula uliopita."

"Na usiku unalala na nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa upuzi. "Nilale na nani, Fundi? Nalala tu."

Nilibeba ile chapa nikaingia maabara, nikafunga mlango. Nikapima unga wa plasta, nikaweka maji, nikakoroga vizuri. Kisha nikaketi kwenye kigoda nikalia. Nilifikiri nimelia kidogo tu, lakini nilipochukua bakuli plasta ilikuwa imeshaganda, nikaibandua, nikachanganya nyingine.